Maji ya Makoye

Betri za redio ya Makoye zilikufa mwezi wa pili. Zikaanikwa juani, zikafufuka. Zikafa tena, zikachemshwa kwenye sufuria, zikafufuka kwa siku mbili. Zilipokufa mara ya tatu, kila mwanamume wa ukoo aliyejiamini kwa meno alizing'ata kwa zamu, maana watu waliamini kwamba betri iliyolala huamshwa kwa kung'atwa. Hazikuamka. Ilikuwa mwaka 1980, na duka la ushirika la Didia lilikuwa na majembe matatu, tumbaku kidogo, na muuzaji anayepiga miayo. Betri, sabuni na chumvi vilikuwa vitu vya kuhadithiana.

Kwa nyumba nyingine hiyo ilikuwa hasara ya muziki tu. Kwa nyumba ya Mbuke lilikuja kuwa jambo la kufa na kupona, na kilicholeta hayo ni barua.

Barua iliandikwa na Makoye, mwana wa pekee wa Mbuke na mume wa Scolastika, kutoka kambi ya jeshi huko Uganda. Vita vilikuwa vimetangazwa kwamba vimekwisha, watu wakacheza ngoma hadi vumbi likawaingia puani, lakini Makoye na wenzake walibakizwa kulinda. Aliandika kwamba watu wa redio wamepita kambini na mashine ya kunasa sauti, kila askari akapewa nusu dakika ya kuwasalimu watu wa kwao, na salamu zao zitatangazwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita, saa kumi alasiri. "Msikilize," aliandika, akalipigia neno hilo mistari miwili.

Scolastika alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi pale kijijini. Alimsomea mama mkwe wake barua hiyo mara mbili, akiigeuza kwa Kisukuma. Mbuke aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku, akairudisha. Hakuiamini, na kusema kweli alikuwa na haki. Mwaka uliotangulia jirani yao Mektilda alipokea barua ya mumewe, Bartholomeo, ikisema yeye ni mzima wa afya. Wiki mbili baadaye wakaja maofisa kumweleza kwamba Bartholomeo alizikwa kabla hata barua haijafika.

"Karatasi haipumui," Mbuke alisema. "Nataka kumsikia akivuta pumzi."

Alikuwa na namna yake ya kumngoja. Katika ukoo ule, mtoto akisafiri mbali, mama yake hukinga maji ya mvua kwenye jungu, akalifunika na kuliweka pembeni mwa nyumba. Mgeni hapewi, mgonjwa hapewi, hata kiangazi kikikaza namna gani hayaguswi. Msafiri ndiye atakayeyanywa siku atakayovuka kizingiti. Mbuke aliyakinga mvua za kwanza Makoye alipoondoka, na kila masika aliyabadilisha. Kwa nchi kavu kama ile, kuwa na jungu la maji safi ndani na bado kwenda kisimani kuchota tope, si kazi ya mtu mwenye mapenzi kidogo.

Scolastika naye alikuwa na lake, ambalo hakumwambia mtu. Waliishi na Makoye miezi mitatu tu kabla hajaitwa. Siku ya kuondoka alimsindikiza hadi Shinyanga mjini, wakasimama kando ya lori, na Makoye, kwa kuwa wanaume wenzake walikuwa wakitazama, alimpa mkono kama anayeagana na diwani. Hakumwita jina. Nyumbani alikuwa akimwita Sikola, kama Mbuke anavyolitamka, taratibu, akiburuza ile silabi ya mwisho. Sasa ilikuwa miezi kumi na tisa hajaisikia. Katika barua alikuwa "mpendwa mke wangu," maneno ambayo hata karani anaweza kumwandikia mtu. Scolastika alitaka kusikia jina lake likitoka kinywani mwa mume wake, basi. Hamu hiyo ilimshika akiwa darasani, ikamshika akipepeta mtama, na siku nyingine ilimfanya aweke ungo chini.

Redio zote za kijiji zilikuwa kimya kama yao. Shinyanga mjini umeme ulikuwepo, lakini mguu wa Mbuke ulikuwa umevimba na hauwezi hata kufika kwa jirani, na Jumapili mchana magari yalikuwa yamekatazwa kutembea ili nchi iokoe mafuta. Scolastika angeweza kwenda Jumamosi peke yake, akalala kwa mwalimu mwenzake, akasikiliza. Alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kumenya viazi vitatu, akaona aibu.

Ndipo akakumbuka shule. Akiwa kidato cha tatu kwa masista, alifundishwa kemia na Mwalimu Stanslaus, mtu mwembamba aliyependa kuwatania wasichana na vitu vya maabara kwa kiwango kimoja. Siku moja aliweka vijiti viwili vya kaboni katika bilauri ya maji masafi kabisa, akaviunganisha na betri na taa ndogo. Taa haikuwaka. Akasema mnayaona haya maji, yana maringo, yamejiosha mno na hayabebi mzigo wa mtu. Kisha akatia kijiko cha chumvi, akakoroga, na taa ikawaka. Akawaeleza kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe ndogo zenye umeme, na chembe hizo ndizo zinazousafirisha ndani ya maji kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Halafu akawaonyesha kubwa zaidi: kipande cha shaba na kipande cha zinki katika maji ya chumvi hutengeneza umeme vyenyewe, bila betri. Wasichana walipiga makofi. Scolastika alipata alama tisini na moja katika mtihani ule, na tangu hapo ujuzi ule haukuwahi kumpa hata kikombe cha chai.

Sasa aliuhitaji. Zinki ilikuwepo ya kumwaga, maana ganda la kila betri iliyokufa ni zinki, na betri zilizokufa zilikuwa zimejaa kila nyumba, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa. Alizikusanya, akazipasua kwa kisu, akayakwangua maganda hadi yakang'aa. Mektilda alimpa chumvi ya mwisho iliyokuwa chini ya mtungi wake, konzi moja. Scolastika akaongeza ukwaju, kwa sababu ugwadu nao husaidia. Badala ya vikombe vya bati alichukua kata sita za kibuyu, zile za kuchotea maji, kwani kibuyu hakipitishi umeme. Kilichokosekana ni shaba nene.

Shaba ilikuwa mikononi mwa Mbuke. Marehemu mumewe, Ngassa, alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Geita, na mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na kipande kirefu cha waya mnene wa umeme. Mhunzi akamsokotea mkewe bangili kumi na mbili, sita kwa kila mkono. Mbuke alilala nazo, alilima nazo, na hakuzivua hata siku ya kumzika aliyempa.

Scolastika alianza kwa mbali, akieleza habari za shaba na zinki, akazunguka, akarudi, akashindwa kusema alichotaka. Mbuke alimtazama hadi alipochoka kumsubiri. Kisha akapaka mafuta ya samli mkono wa kushoto, akauma mdomo, akazivuta bangili moja baada ya nyingine. Mahali zilipokuwa ngozi ilibaki laini na nyeupe-nyeupe, kama ya mtoto.

"Kama zilikuwa zikibeba umeme wa mgodi," alisema, "zimbebe na mwanangu."

Jumamosi asubuhi Scolastika alipanga kata zake sita kwenye mkeka. Katika kila kata aliweka bangili upande mmoja na ganda la zinki upande wa pili, visigusane, akamimina yale maji ya ukwaju na chumvi. Kwa nyaya alizofungua kwenye dinamo ya baiskeli alifunga bangili ya kata hii na zinki ya kata ile, hadi mwisho wa mstari, kwa sababu kata moja haina nguvu ya kuiamsha redio, lakini sita zikishikana mikono zinaiweza. Ncha mbili zilizobaki akaziingiza mahali pa betri. Redio ikakohoa. Ikatoa mlio wa mafuta kukaangwa, kisha kwa mbali, kama mtu aliyefunikwa blanketi, mwanamume akasoma bei za pamba.

Wanawake wale wawili walisikiliza bei za pamba kwa unyenyekevu ambao katekista Telesphori hajawahi kuupata kanisani. Scolastika alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akachagua kuchomoa nyaya, maana alijua zinki inaliwa kila dakika umeme unapopita. Shaba hubaki vilevile. Zinki ndiyo inayojitoa, na ikikwisha, umeme umekwisha.

Mbuke hakuondoa macho kwenye zile kata. Maji ya ukwaju yalikuwa ya hudhurungi, mazito, yenye povu pembeni na nzi juu.

"Atapita humo?" aliuliza.

Scolastika, akiwa na haraka ya kuosha mikono, akajibu kwamba ndiyo, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, sauti yake itapita humo humo. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mwalimu mzima, mwenye alama tisini na moja, alimjibu mama mtu mzima kwa mkato, akadhani amefundisha.

Jumapili ibada ilichukua muda mrefu. Alipotoka alipitia kisimani, foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na alipofika nyumbani saa ya mkononi aliyoachiwa na Makoye ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano. Alimkuta Mbuke amekaa mkekani, ameoga, amejifunga kitenge chake cha sikukuu, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Scolastika alipiga magoti, akaunganisha nyaya, akafungua redio. Kimya. Akafungua hadi mwisho. Kimya. Akagusa fundo moja moja, akabana, akakaza, akapuliza, jasho likimtoka hadi kwenye nyusi. Kila fundo lilikuwa zuri. Ilikuwa saa kumi kamili. Ndipo akatazama ndani ya kata, badala ya kutazama nyaya, akaona bangili kwa uwazi kabisa, kila msokoto wake, chini ya maji masafi kama hewa.

"Mayu," alisema taratibu, "yale maji mengine yako wapi?"

Mbuke akamwelekeza kwa kidevu kwenye mpapai. Aliyamwaga. Aliziosha kata, akazisugua bangili kwa mchanga na maganda nayo akayasugua, akarudisha kila kitu kama alivyokikuta, akamimina maji ya kwenye jungu. Jungu lilikuwa limepungua kwa kiangazi, hivyo alilikamua lote. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lisilohitaji kuelezwa, kwamba mtoto ametoka vitani, hawezi kupokewa kwa maji ya tope yenye nzi. Msafiri ana maji yake.

Scolastika alimwona akilini Mwalimu Stanslaus na bilauri yake, na taa iliyokataa kuwaka. Chumvi yote waliyokuwa nayo ilikuwa imenyonywa na mizizi ya mpapai, ukwaju umekwisha, na huko angani mahali fulani mume wake alikuwa akijongea kwenye kipaza sauti, au amekwisha kusema, au anasema sasa hivi. Nusu dakika. Alitaka kumfokea yule mama. Neno lilifika kwenye meno, akalimeza, kwa sababu aliona ule mkono wa kushoto usio na bangili umelala pajani.

Macho yake yakaenda jikoni. Majivu. Majivu ya kuni yana chumvi zake, bibi zao walikuwa wakiyachuja wakapata maji ya kuungia mboga. Aliinuka, akakimbia, akarudi na majivu kwenye upande wa kanga.

Mbuke alipoyaona, uso wake ulibadilika. Katika ukoo ule, nje ya chungu cha mboga, majivu na maji hukutana siku moja tu, siku moto wa msiba unapozimwa. Kuyatia kwenye maji ya msafiri ni kumzika angali njiani.

"Sikola," alisema. "Usimuue mwanangu."

Scolastika alisimama na majivu yake. Hakukuwa na muda wa kufundisha. Angeweza kuyaacha maji yale jinsi yalivyo, yakabaki masafi na yenye heshima, na nyumba ikakaa kimya, kisha mama huyu angengoja mwaka mwingine bila kujua kama mwanawe anapumua. Yeye naye angengoja.

"Mayu, nisamehe," alisema, akamimina.

Alitia konzi kwenye kila kata, akakoroga kwa kidole, kata ya kwanza, ya pili, maji yakigeuka kijivu. Mbuke alijikokota hadi kwenye redio, akaweka sikio juu yake, akafumba macho, kama anayemkinga mwanawe asiyaone majivu. Kata ya tatu. Ya nne. Ya tano. Alipoikoroga ya sita redio ikakohoa.

"…naye ajue hivyo," ilisema sauti.

Ilikuwa ya Makoye. Nyembamba, yenye kutu, lakini ya Makoye, na kati ya neno na neno alisikika akivuta pumzi.

"Mayu Mbuke, pale Didia, shikamoo. Mimi ni mzima, mayu. Nilindie yale maji yangu ya mvua, usimpe mgeni yeyote. Nakuja kuyanywa mwenyewe. Ni mimi Makoye, mwana wa Ngassa."

Kisha akaja askari wa Tarime, akawasalimu wajomba saba. Redio ikafifia kabla wajomba hawajaisha.

Mbuke alibaki na sikio juu ya redio, machozi yakipita kwenye mikunjo ya uso yakitafuta njia. Alikuwa amemsikia akipumua. Scolastika alijua kwamba pumzi ile ilinaswa wiki nyingi zilizopita, kwamba mashine nayo, kama karatasi, haijui mtu anaendeleaje leo. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa Didia, na hakulisema.

Alikuwa na lake la kumeza. "Naye ajue hivyo." Naye nani? Ajue nini? Makoye alimtanguliza mtu kabla ya mama yake, na maneno hayo yalipita huku yeye akikoroga majivu. Kama angefika mapema kwa kata moja. Kama foleni ya kisimani ingekuwa fupi kwa ndoo moja. Aliketi akitazama vidole vyake vya kijivu, akijiuliza kama lile jina alilolingoja miezi kumi na tisa lilikuwa limempita.

Baadaye Mbuke alijiinua, akijishikiza ukutani. Alilichukua jungu tupu, akalifuta kwa pindo la kile kitenge chake kizuri, akalikokota nje hadi ukutani, chini ya ukingo wa paa la bati ambalo Makoye aliliezeka kabla ya kwenda vitani. Mbingu zilikuwa nyeupe, bila hata wingu la kusingizia. Ilikuwa mwezi wa sita, na kila mtu aliyezaliwa nchi ile anajua kwamba kabla ya mwezi wa kumi na moja hakuna tone.

"Zitakuja lini?" Mbuke aliuliza, ingawa alizijua mvua za pale miaka sitini.

Scolastika alilisogeza jungu kidogo kushoto, mahali bati linapomwaga maji mengi zaidi.

"Karibuni, mayu," alisema.

Wakasimama pale, wote wawili wakitazama juu. Mbuke alikuwa akiusugua mkono wake wa kushoto, mahali pasipo na kitu.

"Alikutaja," alisema.

Scolastika akageuka.

"Kabla hujamaliza kutia majivu. Nilikuwa nimeweka sikio, wewe umeinama. Alianza na wewe."

Mwalimu wa sayansi alijua. Kata ya sita ilikuwa bado na maji ya mvua, na maji ya namna hiyo yakikaa katikati ya mstari hayapitishi kitu, si wimbo, si bei ya pamba, si jina la mtu. Redio ilikuwa imekufa kabisa. Angeweza kulieleza jambo hilo ubaoni, kwa chaki, mbele ya mkaguzi.

"Alisemaje?" aliuliza.

"Alisema, Sikola," akajibu Mbuke, taratibu, akiiburuza ile silabi ya mwisho.

Scolastika akamwomba arudie.